Simba, Chui au Bobi? Kulinganisha majina mafupi ya mbwa wa nyumbani

Mbwa mpya akiingia nyumbani, jina lake huzua ubishi kuliko hata bei yake. Watoto wanataka jina la mchezaji mpira, baba anataka la kutisha wezi, mama anasema aitwe lolote ili mradi asiingie jikoni. Wiki inapita, hakuna aliyeafikiana na mwenzake, na mnyama anaitwa "we mbwa" na kila mtu. Ulinganisho huu ni wa mtu aliyekwama hapo: ana mbwa, ana majina manne au matano mdomoni, na hajui lipi achukue.

Msimamo wangu niuseme mapema. Jina la mbwa ni la kuitia. Maana tunaifurahia sisi, yeye anapata sauti tu. Kwa hiyo nayapima majina kwa mdomo wa anayeita, kwa sikio la anayeitwa, na kwa sikio la jirani anayesikia bila kuitwa. Jina zuri kwa maana lakini bovu kwa sauti, kwangu limeanguka.

Silabi moja, mbili au zaidi

Kupenda majina mafupi hakukuanza leo. Mgiriki Xenophon, mwanajeshi na mwindaji wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliwashauri wawindaji wawape mbwa majina mafupi ili iwe rahisi kuwaita, kisha akataja mifano tele: Psyche, Phylax, Horme na mengine mengi, sehemu kubwa yakiwa ya silabi mbili. Mwindaji humwita mbwa huku anakimbia, pumzi juu juu. Jina refu linamkatikia kooni.

Kwa Kiswahili silabi mbili zina faida nyingine. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo jina la silabi mbili huanza kwa kishindo: BO-bi, CHU-i, ZA-mu. Mbwa anazindukana mwanzoni, halafu irabu ya mwisho unaivuta kadiri upendavyo. Jemedari mkazo wake unachelewa. Mpaka ufike kwenye "da", mbwa ameshavuka barabara.

Majina ya silabi moja, yale ya Rex, Max, Jack na Bob, yanaonekana mafupi zaidi, lakini kwetu hayadumu. Kijana aliyerudi kutoka chuo atasema Rex, bibi atasema Reksi, kijana wa bustani atasema Rekisi, na mbwa mmoja anajikuta na majina matatu ndani ya ua mmoja. Ukilinganisha Bob na Bobi, chukua Bobi tangu siku ya kwanza na uliandike hivyo hivyo kwenye kadi ya chanjo. Ukilinganisha Rex na Reksi, chukua Reksi. Hutakuwa na kazi ya kumsahihisha bibi, kazi ambayo hata hivyo usingeiweza.

Majina marefu nayo hukatwa tu. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikuwa na mbwa mdogo wa Kiskoti ambaye jina lake kamili lilikuwa Murray the Outlaw of Falahill. Dunia nzima ilimjua kwa jina la Fala. Hachiko wa Tokyo, yule aliyemngoja bwana wake kituo cha treni cha Shibuya na kujengewa sanamu mwaka 1934, kwa kifupi aliitwa Hachi. Kama jina litakatwa, basi litazame lile pande litakalobaki kabla hujalichagua. Askari hukatwa kuwa Asi, na sijui nani anataka mbwa wa kulinda nyumba anayeitwa Asi. Kitmiri, jina ambalo mapokeo ya Kiislamu yamempa mbwa wa vijana wa pangoni wanaotajwa katika Sura ya Al-Kahf, lina heshima yake, nami ningelipenda kwa mbwa mzee mtulivu. Lakini watoto wakilifupisha linakuwa Kiti.

Irabu ya mwisho ndiyo inayoamua

Hapa naomba usome taratibu, maana ndipo majina mengi mazuri yanapoanguka.

Taja amri unazompa mbwa kwa Kiswahili. Kaa, lala, acha, toka, shika, leta, ngoja, simama, tulia, hapana. Zote zinaishia na "a". Zilizojitenga ni chache, kama njoo na twende. Sasa mfikirie mbwa aliye kwenye kona ya mbali ya kiwanja, jenereta ya jirani inanguruma na wewe uko kibarazani. Sauti ikienda mbali namna hiyo, konsonanti ndizo hupotea kwanza, irabu ndizo hufika. Kinachomfikia mbwa unapoita "Simba" ni i-a. Unapoita "shika" ni i-a vilevile. Soja ni o-a, na toka ni o-a. Shaba, jina linalompendeza sana mbwa mwekundu, ni a-a, pacha wa acha na lala.

Jaribu mwenyewe: sema haraka "Simba, shika!" halafu "Simba, simama!" Kwa mbwa wa miezi mitatu hayo ni mawimbi mawili yanayofanana, na moja linamtuma akamrukie mtu.

Majina yanayoishia na i, o au u hayana tatizo hilo. Bobi, Chui, Zamu, Reksi, Tai, Popi: mkia wa jina haufanani na mkia wa amri. Nadhani ndiyo sababu Bobi na Popi yamedumu vizazi na vizazi huku majina ya kisasa yakija na kuondoka. Wazee hawakukaa kuyapima, ila yalifanya kazi getini.

Mtu anaweza kuniambia kwamba mbwa si mjinga kiasi hicho, naye atakuwa na haki. Chaser, mbwa wa South Carolina nchini Marekani, alijifunza majina ya vitu vya kuchezea 1,022, na utafiti juu yake ulichapishwa mwaka 2011. Anayeweza kutofautisha majina elfu moja atashindwa Simba na shika? Hatashindwa, akifundishwa. Chaser alifundishwa na profesa mstaafu wa saikolojia, saa kadhaa kila siku, kwa miaka mitatu. Wa kwako anajifunza katikati ya redio, watoto na muuza samaki anayepiga kengele. Mrahisishie.

Konsonanti zina kazi yake kwa karibu. Mbwa husikia sauti za juu hadi kama hezi 45,000, sisi binadamu tunaishia karibu na 20,000, kwa hiyo herufi zenye makali kama s, z, sh na ch zinamfikia vizuri sana, na zile za kupasuka kama k, t, p na b zinakata kelele za chumbani. Herufi za m, n na l zinabembeleza. Momo, Lulu na Nuni ni majina matamu kwa mbwa anayelala kwenye kochi. Usiku wa upepo hayatamrudisha mtu.

Yote haya yanageuka ukimpa mbwa amri kwa Kiingereza, kama zifanyavyo nyumba nyingi za mjini na kampuni nyingi za ulinzi. "Sit", "stay", "down" na "no" hazina mkia wa a, kwa hiyo Simba, Duma, Soja na Shaba yanarudi kundini bila kosa. Badala yake yanaanguka mengine. Bisi na Pipi yanagombana na "sit", ambayo kwa midomo yetu hutoka "siti". Jina kama la Bo, mbwa wa Barack Obama aliyeingia Ikulu ya Marekani mwaka 2009, linaimba pamoja na "no", neno ambalo mtoto wa mbwa huambiwa kutwa nzima. Kwa hiyo kabla ya kuchagua jina, kubalianeni nyumbani lugha ya amri. Kama baba anaamuru kwa Kiingereza na kijana wa bustani kwa Kiswahili, na hakuna anayekubali kubadilika, chagua jina la o-i au u-i, yaani Bobi, Tomi au Chui, na hapo wote wawili wataelewana na mbwa hata kama hawaelewani wao.

Simba, Duma, Chui

Majina ya wanyama wakubwa ndiyo yanayopendwa kuliko yote kwa mbwa wa geti, basi tuyaweke pamoja.

Simba linatamkika kwa kila mtu, kutoka Kigoma hadi Mombasa, na hata mzungu halimshindi. Linaanza na s, jambo jema. Lakini irabu zake tumeshaziona, na wingi wake ni tatizo la pekee. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, chini ya mwembe wa ofisi ya kata, nilikuwa kwenye foleni nyuma ya mama mmoja mwenye mbwa wa kahawia.

"Jina la mbwa?" bwana mifugo akauliza, kalamu iko tayari.

"Simba."

Mbwa wawili wa watu wengine wakainua masikio. Bwana mifugo hakuandika. "Mama, Simba wako tumtofautishe vipi na hawa wengine? Niandike Simba wa kwako au Simba wa Mangi?" Wakaafikiana Simba Kahawia, jina ambalo hakuna atakayeliita kamwe.

Halafu kuna mpira. Klabu ya Simba ilianzishwa mwaka 1936, ikapitia majina mengine, likiwemo Sunderland, hadi 1971 ilipochukua jina la sasa, na watani wake Yanga wako tangu 1935. Dar es Salaam mbwa aitwaye Simba hana uraia wa kawaida. Ukiwa mwana Yanga na ukamwita mbwa wako Simba, jirani anayevaa nyekundu atasikia kila unapopaza sauti "Simba, toka! Simba, lala chini!" Ukiwa mwana Simba, siku mkifungwa hutakuwa na hamu ya kuliita. Kwa watu wa Nairobi au Bukavu hili ni jambo dogo. Kwa mtu wa Kariakoo si dogo hata kidogo.

Duma ni la katikati. Irabu zake u-a hazifanani moja kwa moja na amri yoyote fupi niliyotaja, linampendeza mbwa mwembamba mwenye miguu mirefu, na si la kila nyumba. Udhaifu wake ni ile m ya katikati: kwa mbali linasikika kama mtu anayenguruma. Kama moyo wako uko kwenye paka wakubwa na hutaki Simba, Duma halitakuangusha.

Chui linawashinda wote wawili kwa sauti. Ch yenye makali mbele, u na i zinazoachana vizuri, hakuna amri niliyotaja inayofanana nalo, na ukiliita mfululizo, chui-chui-chui, linatoka kama mluzi. Mbwa mwenye madoa au michirizi analivaa kama shati lake. Ningelipa ushindi wa moja kwa moja kama si jambo moja: unapoishi. Chui hupenda sana nyama ya mbwa, na vijiji vinavyopakana na mbuga vinalijua hilo. Saa tatu usiku ukipaza sauti "Chui! Chui!" katika kijiji cha kando ya Serengeti, utasikia makomeo yakifungwa nyumba kwa nyumba, na mwenye mkuki atatoka nao. Mjini nako si salama pote. Mwaka 2016 simba alitoka mbugani akaonekana Barabara ya Mombasa jijini Nairobi na kumjeruhi mtu, kwa hiyo wakazi wa Lang'ata na Kitengela wana haki ya kushtuka wakisikia jina la Chui likiitwa gizani. Kwa Sinza, Kisauni au Goma mjini, chukua Chui bila wasiwasi.

Kwa sababu hiyohiyo futa kwenye orodha yako Moto, Mwizi na Nyoka. Ni majina mafupi, mawili kati yake yana irabu nzuri, na yote yataleta umati.

Bobi, Tomi, Jimi, Popi

Hapa sina maneno mengi. Haya ni majina ya kazi. Hayana maana kubwa, hayajifanyi, na karibu kila sheria ya sauti niliyotaja yanaitimiza. Tofauti iko kwa majirani. Tomi na Jimi yako karibu mno na majina ya watu, hasa Kenya ambako Tom ni jirani, shemeji na mwalimu wa shule. Popi halina mwenyewe. Bobi linaye mara chache. Kwa kipimo changu Bobi linaongoza, Popi linafuata, mengine mawili yanategemea nani anakaa nyuma ya ukuta wako. Wanaosema Bobi limechosha nawaelewa, ila mbwa hajawahi kulisikia kabla ya kwako.

Ya ulinzi: Askari, Soja, Kali, Zamu

Askari tumeliona likikatwa. Soja linagongana na toka, na kuna siku utamwita aje akafikiri unamfukuza.

Kali lina irabu nzuri, a-i, na k ya kupasuka mwanzoni. Lina kichekesho chake pia: kile kibao cha "Mbwa Kali" getini, ambacho walimu wa Kiswahili wamekilalamikia miaka yote, kwenu kitakuwa sahihi kabisa. Lakini fikiria mgeni amesimama mlangoni na mwanao anapita akipiga kelele "Kali anakuja! Kali!" Fundi bomba hatarudi tena. Jina linaingia kwenye vichwa vya watu kabla mbwa hajafanya lolote, na mbwa anayeogopwa na kila mtu hushikwa vibaya, hupigwa mawe, na mwishowe anakuwa hivyo kweli. Kwa mbwa wa Kijerumani mwenye mwili mkubwa, ambaye tayari anatisha kwa sura tu, ningelikwepa.

Zamu ndilo ninalolipigania katika kundi hili, na nashangaa halisikiki sana. Z mbele, a-u, silabi mbili, hakuna mtu anayeitwa hivyo mtaani, halitishi wala halidhalilishi, na linaeleza kazi ya mbwa wa usiku bila kumtangaza kuwa mla watu. M yake ya katikati ni laini kidogo, ila z na u zinalibeba. Ukinishika nikupe jina moja la mbwa wa ulinzi kwa nyumba inayoamuru kwa Kiswahili, hili ndilo.

Ya chakula, kwa mbwa wadogo wa ndani

Bisi, Pipi, Chai, Tui, Nazi, Kashata. Mbwa mdogo mweupe mwenye manyoya ya kujikunja akiitwa Bisi hakuna atakayeuliza kwa nini. Chai na Tui yana irabu nzuri na yanakaa mdomoni bila taabu, ingawa Chai lina shida ya wazi kwa nyumba inayopika chai mara tatu kwa siku: mbwa atakuwa anaitwa bila kuitwa, na jina linalotajwa hovyo masikio huzoea kulipuuza. Tui hutajwa tu siku ya wali wa nazi, basi Tui linashinda. Pipi usiliite barabarani shule zikifungwa.

Nazi halina ubaya Tanga wala Zanzibar. Kwa Mswahili anayeishi Berlin, Toronto au Minneapolis, hilo hata usilifikirie: utakuwa unalipaza kwenye bustani ya umma mbele ya watu ambao hawajui mnazi. Tukiwa huko ughaibuni, Simba linapata nafuu kubwa, kwa kuwa majirani wanalijua, amri ni za Kiingereza au Kijerumani, na hakuna foleni ya chanjo yenye Simba wengine wengi. Chui nalo wanaliweza. Zamu wanaligeuza kuwa "Zamuu", si vibaya.

Ya watu na ya mafumbo

Messi, Taisoni, jina la rais, jina la mbunge aliyekukera. Yanachekesha siku mbili. Mwaka 2016 katika jimbo la Ogun nchini Nigeria, mfanyabiashara mmoja alikamatwa na kufikishwa mahakamani kwa kumpa mbwa wake jina la Buhari. Mwenyewe alisema alimpa kwa kumheshimu rais, lakini kumbe jirani yake alikuwa na mzazi mwenye jina hilohilo, naye akalichukua kuwa tusi. Kwetu mtu kuitwa mbwa ni tusi zito, na mbwa kuitwa jina la mtu ni tusi hilohilo lililogeuzwa. Kwa watu wa pwani na Waislamu popote walipo ongeza uzito mara dufu: majina ya mitume, ya watakatifu, na ya waliotangulia mbele za haki hayaguswi. Ukitaka la mchezaji, hakikisha ni la mtu wa mbali ambaye hapo mtaani hakuna mtoto aliyepewa jina lake, jambo ambalo siku hizi ni gumu. Messi wamejaa shule za msingi.

Mafumbo ni jambo jingine. Mwenye kumpa mbwa jina la Wivu, Sijali au Majungu anamwita mbwa huku anamsema jirani, kama vile kanga inavyosema bila aliyeivaa kufungua mdomo. Nakiri kwamba kwa sauti Wivu ni bora: fupi, i-u, hakuna amri inayolifanana. Sijali ni refu kidogo na linaishia na i. Majungu ni refu mno. Tatizo ni kwamba mbwa huishi miaka kumi na zaidi, na ugomvi ulioanzisha jina unaweza kwisha mwaka wa kwanza. Mmepatana, mmealikana harusi, na bado unapaza sauti "Wivu!" juu ya ukuta wao kila magharibi. Kanga unaweza kuikunja ukaiweka kabatini. Kama huna hakika kwamba utamchukia jirani kwa muongo mzima, acha.

Kabla hujaandika kwenye kadi

Ukibaki na mawili, toka nayo nje. Yaite mara tatu mfululizo kwa sauti ya kawaida ya jioni, si ya mazoezi. Mwambie mtoto mdogo kabisa wa nyumba ayaite, kisha babu, kisha dada wa kazi, maana huyo ndiye atakayemlisha na ndiye mbwa atakayemsikiliza kuliko wewe mwenye kumnunua. Jina linalobadilika katika midomo hiyo mitatu liache. Sikiliza pia kama kuna mtu ameitika ng'ambo ya ukuta.

Mbwa uliyempata mkubwa na jina lake usimbadilishe ghafla. Tafuta jipya lenye irabu za lile la zamani: Roki anageuzwa Bobi bila kujua, Taisoni anakuwa Tai kwa kukatwa tu. Ukitaka kulifuta kabisa, yaite yote mawili pamoja wakati wa chakula, la zamani likitangulia, mpaka siku atakapogeuka kwa jipya peke yake.

Na kama ua wako tayari una mbwa, sheria zote zinapangwa upya kwa kumtazama yule wa kwanza. Penye Bobi, Popi na Tomi yametoka, kwa sababu ni o-i tupu na wote wawili watakuja ukimtaka mmoja, au mbaya zaidi, atakuja yule usiyemtaka. Chui na Reksi bado yanaishia kwa i, ila irabu za mwanzo zinatosha kuwatenganisha. Bobi na Zamu ndiyo jozi safi kuliko zote ninazozijua: hawashirikiani hata irabu moja.